Mstari wa Chini ya Farasi

Nchi yangu siitaji jina. Si kwa woga, jamani, msinifikirie vibaya. Ni kwamba kulitaja jina la nchi hadharani kunahitaji kibali, kibali kinatolewa dirisha namba tisa, na dirisha namba tisa lilizibwa kwa matofali mwaka ule tulipoamua kumaliza foleni. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina milima miwili, na mimi ni mtunza faili daraja la tatu katika Ofisi Kuu ya Waliokuwepo na Waliokwisha. Dirisha langu lilikuwa namba nne: vizazi na vifo vya enzi za mkoloni.

Watu wa nje hutucheka. Wacheke tu. Mkoloni alipofungasha virago vyake, nchi nyingine zilichoma vitabu vyake. Sisi hatukuchoma hata jalada. Mtukufu Mlezi wetu wa kwanza alipanda jukwaani akatamka: "Mkoloni tumemfukuza, lakini maandishi yake hayana kosa!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Tangu siku hiyo, lililoandikwa katika vitabu vya mkoloni ni kweli, na litaendelea kuwa kweli mpaka kitabu chenyewe kiseme limekwisha.

Nitoe mfano. Kulikuwa na mbwa aitwaye Simba, wa bwana shauri mzungu, aliyeandikiwa nusu ratili ya nyama kila siku. Kufa kwake hakukuandikwa popote. Basi mpaka leo nyama ya Simba inatoka kila asubuhi, na Msajili Mkuu wetu, Mheshimiwa Evaristi Ndomba, anaila kwa niaba ya mbwa, tena kwa masikitiko. Nimemwona kwa macho yangu akiisikitikia kwa ndizi na pilipili.

Mwaka ninaousimulia ukatoka Waraka wa Kuhakiki Wafu. Ulikuwa waraka mzuri, mfupi. Kila shamba lililoandikwa jina la mtu wa zamani lihakikiwe. Ikiwa mwenye jina amekufa, kiletwe cheti chake cha kifo, na mjukuu wake mkubwa wa kiume apewe shamba. Ikiwa hajafa, afike mwenyewe dirishani ndani ya siku tisini. Asipofika, shamba limetelekezwa, ni mali ya taifa. Na kwa kuwa taifa halina jembe, litatunzwa na shemeji yake Msajili Mkuu.

Siku ya sabini na tatu wakaja kwangu watu watatu. Wa kwanza ni Machimu Lubeja, mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkononi ana kovu la panga la kupogolea migomba. Wa pili ni shangazi yake, Bi Nyamizi, miaka themanini na mmoja, mdogo wa mwili lakini macho makali. Wa tatu ni mkwewe Machimu, mke wa mwanawe Lubeja aliyeko machimboni. Huyo alikuwa na mimba changa na alibeba kikapu.

Kabla sijauliza shida yao, nikaona kioja. Machimu alivuta benchi ili kikongwe akae. Kikongwe, kabla ya kukaa, akapiga goti. "Ahsante, baba. Shikamoo," akasema. Na Machimu, bila hata chembe ya aibu, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kaa, usije ukaumwa miguu."

"Aka!" nikasema. "Ndugu yangu, unaamkiwa na mama wa makamo ya kukuzaa?"

Akacheka. "Ndivyo kwetu. Babu yangu alikuwa Machimu Lubeja. Akamzaa baba yangu, akampa jina la baba yake: Lubeja Machimu. Baba akanizaa mimi, akanipa la babu: Machimu Lubeja. Sasa kwa shangazi mimi ndiye baba yake aliyerudi. Nikienda kwake nakula firigisi."

"Na nikikosea ananigombeza," Bi Nyamizi akadakia. "Juzi kanigombeza kwa kuacha mbuzi waingie mihogoni."

"Kidogo tu, mwanangu. Nilikugombeza kidogo tu."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nilikuwa bado sijanywa chai siku hiyo, na watu wale walinifurahisha.

Shida yao ilikuwa ndogo. Walikuwa na shamba la ekari nane kando ya mto, nusu migomba, na kwenye kona makaburi ya ukoo. Lilikuwa limeandikwa jina la babu. Babu alikuwa amekufa miaka sabini na minne iliyopita. Walitaka cheti chake cha kifo, basi, warudi kwao. Siku zilikuwa zimebaki kumi na saba, na shemeji yake Msajili Mkuu alikuwa ameshapita shambani mara mbili kupima kwa hatua.

Nikaingia stoo ya vitabu. Kuzaliwa kwa babu nikakuona upesi, maana wamisionari walikuwa wanaandika kila kitu: "Machimu, mwana wa Lubeja, amezaliwa mwaka wa nzige. Mtoto mwenye makelele." Faili la mahakama nalo lilikuwepo. Kosa: kuchemsha mbegu za pamba alizopewa na Serikali kabla ya kuzipanda, kwa nia ya kuisingizia ardhi ya Mfalme kwamba haioti pamba. Hukumu: kunyongwa mpaka afe. Tarehe ikatajwa, na mahali.

Nikafungua kitabu cha vifo, ukurasa wa mia na nne, tarehe ile ile. Kulikuwa na kifo kimoja tu, kimeandikwa kwa mwandiko mzuri, mtu unaona kabisa mwandishi alikuwa na majonzi: "Farasi wa bwana shauri, jina lake Malkia, alikula majani mabaya." Chini ya farasi kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Ukurasa ukaishia hapo.

Nikarudi dirishani. "Ndugu zangu, babu yenu alizaliwa. Alihukumiwa. Kufa, hakufa."

Bi Nyamizi akanitazama. "Hakufa? Mwanangu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka saba. Walitupanga watoto mbele, ili tuone vizuri. Mama akanifunika macho kwa kanga yake, askari akaja akaifunua. Baba hakufa haraka. Kivuli cha mti kilikuwa mbali na sisi walipoanza, na kilikuwa kimetufika miguuni waliposema tayari."

"Nakuamini, Mama, kabisa," nikamwambia. "Lakini aliyeandikwa ni farasi."

Mimi ni mtu wa kusaidia watu, yeyote anayenijua atawaambia. Siku tatu nilipekua stoo, nikala vumbi, nikapiga chafya. Siku ya tatu nikapata daftari la vifaa la mwaka ule, na ndani yake, haki ya Mungu, nimeona hivi: "Kamba ya katani, futi kumi na nne, moja. Imetumika kwa Machimu Lubeja. Haifai tena." Nikapiga kelele ya furaha. Machimu akanikumbatia kupitia dirishani, nusura anitoe nje.

Tukalipeleka daftari kwa Msajili Mkuu. Mheshimiwa Ndomba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsikitikia mbwa. Akafuta midomo, akavaa joho, akasoma mstari ule mara mbili, akasimama. Anapenda kusimama akizungumza na mtu mmoja, kama vile wako elfu.

"Mwananchi! Ofisi hii haiendeshwi kwa machozi. Inaendeshwa kwa madaftari. Umeleta daftari, nakupongeza. Lakini daftari gani? La vifaa! Linathibitisha nini? Linathibitisha kwamba kamba imekwisha. Serikali inatoa pole kwa kamba. Laiti ungekuwa mjukuu wa kamba, mwananchi, leo hii ningekupa cheti kwa mikono miwili!"

Tukacheka. Ofisini kwetu kicheko kina utaratibu wake: daraja la kwanza hucheka kwanza, la pili hufuata, na sisi wa daraja la tatu tunamalizia. Mimi nilimalizia vizuri.

Machimu hakucheka. "Mheshimiwa, babu yangu kama hajafa ana miaka mia moja na kumi na tisa. Yuko wapi?"

"Hilo," Msajili Mkuu akasema, akikaa, "ndilo swali ambalo serikali inakuuliza wewe."

Siku zikabaki tisa. Nikamkuta Machimu kwenye ukumbi wa ofisi, ameegemea ukuta, ameshika tama. Shangazi yake alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa chake juu ya kikapu. Roho iliniuma, sioni haya kusema. Nikatoa Waraka mfukoni nikausoma tena, mstari kwa mstari, kwa ajili yake. Na hapo ndipo wazo likanijia.

"Ndugu," nikamnong'oneza. "Wewe unaitwa nani?"

"Si unanijua? Machimu Lubeja."

"Na baba yako?"

"Lubeja."

"Na mtoto wa mwenye shamba anakuamkia wewe shikamoo, mbele ya watu. Sasa unahangaika na nini? Waraka unasema kama hajafa, afike mwenyewe. Acha kutafuta kifo cha babu yako. Fika!"

Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akamwamsha kikongwe. "Yaani niwe babu?"

"Kwa shangazi yako umekuwa babu tangu ulipozaliwa. Sasa uwe na kwa serikali pia."

Akafikiri. Akatazama kidole gumba chake, kile cha kuweka alama. "Hakuna ubaya wowote?"

"Nitazame usoni," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa kukutakia mabaya?"

Habari ya ile hukumu sikuikumbuka. Hukumu ni kazi ya dirisha namba sita, na mimi nilikuwa namba nne.

Baraza la Uhakiki likakaa kesho yake. Bi Nyamizi akala kiapo, akaulizwa amnyooshee kidole baba yake. Akamnyooshea Machimu. Mjumbe mmoja akamwuliza kama ana hakika. Kikongwe akasogea mbele.

"Siku walipomshusha pale mtini mama aliniambia, usilie, atarudi. Nikamngoja. Miaka ishirini na miwili nilimngoja, wenzangu wakaolewa, wakazaa, mimi namngoja. Siku alipozaliwa huyu nilimpokea kwa mikono yangu, nikageuza sikio la kushoto nikaona alama, ile ile. Nikamwambia, karibu nyumbani, baba, umechelewa mno. Huyu ni baba yangu. Asemaye siye, aje aniambie mimi machoni."

Hata wajumbe walipangusa macho. Karani akaandika: "Shahidi amemtambua mhusika kuwa ni baba yake mzazi, aliyetoweka kisha akarudi." Machimu akaweka dole gumba chini ya maneno Mimi Ndiye. Akapewa Cheti cha Uhai, na shamba likabaki lake. Jumapili wakaniletea mkungu wa ndizi, na mkwewe akanipikia hapo hapo uani. Sijawahi kula ndizi tamu vile.

Sasa serikali yetu inapenda mafanikio. Mtu wa miaka mia moja na kumi na tisa, anayepanda mlima na debe la maji! Redio ikatangaza mchana kutwa. Wastani wa umri wa wananchi ukapanda siku hiyo hiyo, kwa tamko. Machimu akaitwa uwanjani, akatembezwa, daktari wa serikali akamfungua mdomo mbele ya halaiki na kutangaza kwamba meno yote yapo isipokuwa mawili, kwa sababu ya sera nzuri. Msajili Mkuu akashikana naye mikono na kupigwa picha. Machimu alikuwa anaona aibu lakini alitabasamu. Picha ninayo.

Picha hiyo ikamfikia dada mmoja mchapakazi wa dirisha namba sita. Akalitazama jina, akafungua kabati lake, akatoa faili. Siku ya kumi na moja baada ya sherehe waraka wake ukapita kila meza, nami nikausoma: "Mfungwa Machimu Lubeja, aliyehukumiwa kunyongwa, ametoroka hukumu kwa miaka sabini na minne. Sasa amejisalimisha mwenyewe, kwa dole gumba. Hukumu iendelee pale ilipoishia."

Walimkamata shambani, panga mkononi, anapogoa. Wanasema hakukimbia kwa sababu alidhani wamekuja kumpiga picha nyingine.

Alipoletwa mbele ya Baraza alikuwa amebadilika. "Nina miaka hamsini na miwili!" alipaza sauti. "Huyo aliyehukumiwa ni babu yangu, na mlimnyonga! Tazameni kitambulisho changu!" Wakakitazama. Kitambulisho kilisema Machimu Lubeja. Daktari wa serikali akaeleza kwa upole kwamba wazee wakifika umri huu hujiona vijana, ni jambo la kawaida, tusimkasirikie bali tumhurumie. Baraza likamhurumia na kuendelea.

Hapo ndipo Bi Nyamizi alipojitupa sakafuni. Mwanamke aliyengoja miaka ishirini na miwili, aliyesema atakayemkana aje amwambie machoni, akashika miguu ya meza ya Msajili Mkuu akalia kwa sauti.

"Si baba yangu! Jamani, si baba yangu! Ni mtoto wa kaka yangu, mimi ndiye niliyemkata kitovu! Baba yangu alikufa, nilimwona! Mimi ni mzee, ni mjinga, ni mwongo, ninyongeni mimi!"

Msajili Mkuu akamwinamia. "Mama, ulikula kiapo. Leo unamkana mzazi wako kwa sababu ya kamba? Hili linasikitisha sana. Serikali hii haitakubali kuvunja familia."

Machimu akamtazama shangazi yake pale sakafuni, na sauti yake ikatulia. "Inuka, mwanangu," akasema. "Usiwapigie magoti hawa."

Akainuka. Na karani akaandika hilo pia, kwamba mhusika amemwita shahidi mwanangu, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi saba. Ushahidi ukafungwa.

Msinielewe vibaya, haki ilitendeka kwa uangalifu mkubwa. Kulitokea hata kizuizi. Mtunza vifaa alikataa kutoa kamba. Akaleta daftari lile lile nililolipata mimi, akasema, hapa imeandikwa Machimu Lubeja ameshatumiwa kamba yake, na kanuni zinakataza mtu mmoja kupewa kamba mbili. Siku nane kazi ikasimama. Bi Nyamizi na mkwe wao walikaa nje ya stoo siku zote nane, wakimletea mtunza vifaa uji, wakimwombea dua. Aliunywa. Siku ya tisa Msajili Mkuu akatoa uamuzi ambao sasa unafundishwa vyuoni: kwamba mwaka ule kamba ilitumika lakini mtu hakutumika, kwa hiyo upotevu ni wa mkoloni. "Yeye aliharibu kamba ya umma," alisema. "Sisi hatutaiharibu." Kamba mpya ikatolewa, ikaandikwa: mbadala.

Nilikwenda gerezani kumpelekea fomu ya mwisho, ile ya kuthibitisha herufi za jina. Alikuwa amekaa chini, amekonda. Akaisoma, akaweka dole gumba.

"Ndugu," akaniuliza, "ule ushauri, ulinipa kwa wema?"

"Kwa wema mtupu, haki ya Mungu."

Akanirudishia fomu. "Nakuamini," akasema. "Bora ingekuwa kwa ubaya." Halafu nilipofika mlangoni akaniita. "Safari hii niandike. Usimwandike farasi."

Nikamwahidi. Na mimi nikiahidi jambo la ofisini huwa nalitimiza.

Walimnyonga mahali pale pale, kwa kufuata maelezo ya faili. Ule mti ulikwisha katwa, ikabidi wajenge wa mbao. Watoto wa shule walipangwa mbele. Familia ya mhusika hupewa nafasi ya heshima, basi Bi Nyamizi akawekwa mbele na watoto, karibu kabisa na pale aliposimama mara ya kwanza. Safari hii hapakuwa na mama wa kumfunika. Hakufumba macho. Msajili Mkuu alihutubia juu ya faida za kumaliza kazi zilizoachwa viporo, lakini hotuba ilikuwa ndefu na jua kali, sikumbuki yote.

Nikarudi ofisini mbio, nikafungua ukurasa wa mia na nne. Mstari ule mmoja ulikuwa unanisubiri. Nikaandika chini ya farasi: "Machimu Lubeja, mwanamume, umri miaka mia moja na kumi na tisa. Kunyongwa." Mwandiko ulinyooka. Ukurasa ukajaa, kitabu kikafungwa, na mwisho wa mwezi nikapandishwa daraja la pili. Siku hizi nacheka katikati.

Cheti cha kifo tukampa Bi Nyamizi, kile kile walichokijia siku ya kwanza. Hatukumsumbua hata kidogo. Na kwa kuwa sasa babu amekufa, shamba likawa la mrithi, yaani mjukuu wake, Machimu Lubeja. Tukabandika tangazo: afike mwenyewe ndani ya siku kumi na nne. Hakufika. Bi Nyamizi akasimama pale mlangoni petu akipiga kelele kwamba tumemuua, na mimi nikamweleza taratibu kwamba hapana, Mama, tuliyemnyonga ni babu, cheti unacho mkononi. Huyu mjukuu ndiye hatujui alipo. Mwanawe Lubeja akaja kutoka machimboni kudai shamba, akajibiwa kwamba mtu hawezi kumrithi baba ambaye hajafa, amekosa adabu tu ya kuitikia wito. Alirudi machimboni siku hiyo hiyo.

Shemeji yake Msajili Mkuu akalichukua shamba. Akang'oa migomba, akasawazisha ile kona ya makaburi, akapanda pamba ekari zote nane. Haikuota hata mche mmoja. Tume imeundwa kuchunguza ni nani aliyechemsha mbegu.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo moja nataka mlijue, maana watu wengine huko mitaani wananisema kuwa sina utu.

Nimehamishiwa dirisha namba mbili: vizazi vipya. Ni kazi ya furaha, watoto wachanga, akina mama wamepaka mafuta. Asubuhi moja nikainua macho nikamwona Bi Nyamizi, na nyuma yake yule mkwe, amembeba mtoto. Nilifurahi kuwaona. Mtoto wa kiume, mzuri, amelala, na sikio lake la kushoto lilikuwa na kialama.

Nikachovya kalamu. "Jina?"

Nami, kuwaonyesha kwamba sijawasahau, nikamaliza mwenyewe kwa uchangamfu: "Si ni Machimu? Baba yake Lubeja, basi yeye Machimu Lubeja! Mzee kesharudi!"

Yule mama mtoto akaanza kulia. Bi Nyamizi alikuwa anaitazama kalamu yangu.

"Mwanangu, nikuulize," akasema. "Mtoto ambaye hakuandikwa, mnaweza kumnyonga?"

Lilikuwa swali la kisheria, sikutaka kulijibu ovyo. Nikatoa Kanuni, nikapitia kifungu baada ya kifungu, yeye amesimama anangoja. "Hapana, Mama," nikamwambia. "Ambaye hakuzaliwa kwa maandishi hashtakiwi wala hanyongwi. Sheria iko wazi kabisa."

"Na nje ya sheria?"

"Hilo si dirisha langu."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta ncha ya kanga yake, akamfunika mtoto uso wote. "Basi huyu hajazaliwa," akasema. "Twende zetu."

"Mama! Atasomaje? Atatibiwa wapi? Hata shamba hatapata!"

"Shamba lipi?" akauliza, na hakungoja nimjibu.

Wakaondoka polepole, maana miguu yake sasa imechoka. Penye mlango wa kutokea akasimama, akadhani wako peke yao. Mkwe akainama kidogo. Kikongwe akaishika nguzo, akapiga goti kwa shida, akafunua ile kanga kidogo tu, akanong'ona. Lakini mimi masikio yangu ni mazuri, nikasikia.

"Shikamoo, baba."

Nawaambieni roho iliniuma. Mtoto mzuri vile aishi bila jina, bila cheti, bila chochote, kwa sababu ya hasira za bibi kizee! Ningekuwa mtu mwingine ningelifunga daftari nikaenda kunywa chai. Sikufanya hivyo. Niliichovya kalamu tena, nikatafuta mstari mtupu, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Machimu Lubeja. Nikagonga mhuri. Wala sikuwataka ahsante, niliandika kwa wema mtupu.